Nicolai Gedda: mutoto wa shangazi Olga

Wandugu wa chama, leo mutaniruhusu niache mambo ya mbegu na mbolea. Ninataka kuandika juu ya mutu ambaye wengi wetu hatujasikia jina lake hata siku moja, na juu ya muziki ambao tukiukuta kwenye radio tunabadilisha haraka: opera. Najua. Mimi pia nilikuwa hivyo. Mwalimu wa korali yetu njo alinifungua masikio. Siku moja alichoka na sisi watenori, sababu noti ya juu ikifika tunapiga makelele kama watu wanafukuza ngombe. Akatoa telefone, akatusikilizisha sauti ya mwanaume anayepanda juu kabisa bila kukaza shingo, kama mutu anapanda ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Wimbo ulikuwa wa Kifaransa na kila neno lilisikika. Tukasema: huyu ni Mufaransa. Mwalimu akacheka, akaweka wimbo wa pili, wa Kirusi. Ni yeye tena. Wa tatu ulikuwa wa Kijerumani. Mumoja wetu akauliza: sasa huyu baba ni wa wapi? Hilo swali, wandugu, sisi wote tunalijua. Kwetu huku linaweza kukufungulia mulango, linaweza pia kuufunga mbele ya pua yako hata kama uko na diplome mukononi. Nikaanza kutafuta jibu, na jibu lilikuwa refu kuliko nilivyofikiri.

Anaitwa Nicolai Gedda. Alizaliwa Stockholm, muji mukubwa wa Uswidi, tarehe 11 Julai 1925. Mama yake, Clary Linnéa Lindberg, alikuwa musichana Muswidi mwenye kutumikia wageni kwenye resto. Baba yake, Nikolai Gädda, alikuwa nusu Murusi, na kazi hakuwa nayo. Hawakuoana. Franga hazikuwa. Mutoto alikuwa karibu aende kwenye nyumba ya kulelea watoto wasiokuwa na wazazi. Hapo njo Olga anaingia, dada ya baba yake. Akasema mutoto huyu ni wangu, akamubeba. Basi shangazi akakuwa mama, na mutoto akakua akiamini hivyo kabisa. Ukweli aliujua nyuma sana.

Ninafikiri hakuna mutu anayesoma hapa ambaye hajui jambo hilo. Katika kila promosheni yetu kulikuwa wanafunzi waliolipiwa minervale na shangazi ao na mama mudogo, na kwenye fishi wanaandika jina la huyo kwenye nafasi ya muzazi bila hata kufikiri.

Olga aliishi na mwanaume Murusi, Mikhail Ustinov. Kwa huyu inafaa tukae kidogo. Alikuwa sauti ya besi ndani ya korali ya Wakosaki wa Don, ya Serge Jaroff. Wakosaki walikuwa wapiganaji wa farasi wa kusini ya Urusi. Wengi wao, kisha mapinduzi ya 1917, walipigana upande wa Weupe, upande ulioshindwa. Wakakimbia. Katika mwaka wa 1921, ndani ya kambi ya wakimbizi kule Uturuki, Jaroff akakusanya askari wenye sauti, akaanza kuwafundisha nyimbo za kanisa na za kwao. Kutoka kwenye matope ya ile kambi korali ikafika Vienna, na nyuma ikaimba karibu dunia nzima. Sisi wa huku tunajua kambi ni nini. Tunajua pia kama ndani ya kambi watu wanaimba, wageni wanashangaa, lakini wenyewe hawashangai.

Mwaka wa 1929 Ustinov akapata kazi ya kuongoza nyimbo kwenye kanisa la Kirusi la Leipzig, Ujerumani. Kanisa hilo lilijengwa mwaka wa 1913 ili kukumbuka askari Warusi karibu 22.000 waliokufa kwenye vita ya 1813 dhidi ya Napoléon. Familia ikahamia kule, mutoto akiwa na miaka ine hivi. Sasa muelewe kitu kimoja: katika kanisa la Orthodoksi hakuna gitare, hakuna sintesa, hakuna hata ngoma. Ni sauti ya mutu tu. Ukikosa noti, hakuna kinanda cha kukuficha. Ustinov alikuwa mwalimu mukali, na alimufundisha mutoto kusoma noti na kupiga piano mapema sana, wakati watoto wengine bado wanasoma alfabeti. Nyumbani walisema Kirusi na Kiswidi. Inje, kwenye avenue na kwenye masomo, Kijerumani. Mutoto wa miaka saba mwenye luga tatu, na hakuna aliyemuambia kama hiyo ni akili. Ilikuwa tu maisha.

Kisha Hitler akashika utawala mwaka wa 1933. Mwaka wa 1934 wakafunga mizigo, wakarudi Stockholm.

Hapa ninasimama kidogo, sababu kichwa changu cha agronomu kinataka kufanya hesabu. Baba ni nusu Murusi, mama ni Muswidi. Basi kwa damu Gedda alikuwa Murusi robo moja tu. Robo! Lakini watu wote waliomusikia akiimba Kirusi walimusikia kama mutu wa kule. Robo ya damu haifundishi mutu namna ya kutamka. Kirusi chake hakikutoka kwenye damu, kilitoka kwenye meza ya shangazi Olga na kwenye kanisa la Leipzig, siku kwa siku, na malipizo wakati mutoto anakosa. Kwenye pepinieri ninapofanya kazi tunapandikiza avoka: chini unaacha muche wa kienyeji, juu unafunga kijiti cha aina ingine. Matunda yanafuata kile kijiti cha juu, lakini nguvu ya kuvumilia udongo mubaya inatoka kwenye mizizi ya chini. Watu wanaokuja kununua wanauliza: muti huu ni aina gani? Ninawajibu aina mbili, na hawaridhike. Wanataka moja.

Twende mbele. Huyu kijana mwenye sauti namna hiyo, alipomaliza masomo na jeshi, alifanya kazi gani? Benki. Alikaa kwenye gishe ya benki moja ya Stockholm, anapokea franga za watu, anahesabu, anapiga kashe. Ninyi wenye lisansi ya sheria munaouza unite za telefone, soma vizuri pahali hapa. Hakuwa na namna ya kulipa mwalimu wa sauti wa maana. Siku moja akamuambia mushitiri mumoja kama anatafuta mwalimu. Yule mushitiri akamutuma kwa Carl Martin Öhman, mwimbaji wa tenori aliyejulikana sana katika miaka ya 1920, na ambaye watu wanamukumbuka pia kwa sababu ya kumugundua Jussi Björling, tenori mukubwa wa Uswidi. Öhman akamusikia, akamukubali. Kisha kukapatikana bursi, na njia ikafunguka kidogo.

Yaani kama siku ile kijana angenyamaza kwenye gishe sababu ya haya, pengine angepata pansion ya benki na sisi hatungejua jina lake.

Tarehe 8 Aprili 1952, akiwa na miaka 26, alipanda mara ya kwanza kwenye jukwaa la Opera ya Kifalme ya Stockholm. Muchezo ulikuwa *Le postillon de Lonjumeau* wa Adolphe Adam, ulioonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka wa 1836. Historia yake inachekesha: Chapelou, dereva wa gari la farasi, anaimba siku ya ndoa yake. Mukubwa wa opera ya mufalme anapita, anamusikia, anamuambia tuende Paris sasa hivi. Bwana-arusi anaacha bibi-arusi usiku ule ule! Anakuwa mwimbaji mwenye sifa, na jina anabadilisha. Wimbo wa Chapelou unajulikana na watenori wote sababu kuna re moja ya juu sana, noti ambayo watenori wengi hata hawajaribu. Gedda akaiimba kama mutu anasema asubuhi njema. Stockholm nzima ikazungumza juu yake.

Jambo lililofuata lingeandikwa kwenye sinema watu wangesema ni uongo. Walter Legge, Mwingereza aliyetengeneza sahani za muziki kwa kampuni ya EMI, akapita Stockholm siku zile zile. Alikuwa anatayarisha kurekodi *Boris Godunov* ya Musorgski, opera ya Kirusi, huko Paris. Alihitaji tenori anayejua Kirusi kweli, si mutu wa kukariri silabi. Akapewa nafasi ya kusikiliza vijana wa Stockholm, na Gedda akaimba mbele yake ule wimbo wa ua katika *Carmen*. Karibu na mwisho wa wimbo huo sauti inapanda mpaka si-bemoli. Bizet aliandika iimbwe polepole, laini, lakini watenori karibu wote wanaipiga kwa nguvu ili watu wapige mikono. Gedda akaiimba kwa nguvu, vizuri. Legge, akiona haya kidogo, akamuomba ajaribu namna Bizet alivyoandika. Kijana hakushituka. Akarudilia, akaifikisha juu, akaipunguza mpaka ikawa kama uzi. Legge mwenyewe ndiye aliyehadisia hayo nyuma. Aliandikia haraka Herbert von Karajan na watu wa La Scala ya Milano: nimepata mutu.

Muone namna mambo yalivyokutana. Jukwaa la Uswidi njo lilimuonyesha. Lakini kilichofanya Legge amubebe mara moja, wakati kulikuwa watenori wengine wazuri Ulaya, ni Kirusi. Luga ya nyumba ya wakimbizi, luga ambayo kwa miaka yote ya gishe haikumupa hata senti moja. Mwaka ule ule wa 1952 alikuwa Paris anarekodi pamoja na Boris Christoff, besi Mubulgaria, ambaye kwenye sahani hiyo aliimba watu watatu yeye peke yake. Na Gedda aliimba nani? Dimitri: kijana wa monasteri anayejiita mwana wa mufalme, anadai baba asiye wake. Sijui kama Gedda mwenyewe alicheka juu ya hilo. Mimi nilicheka.

Mwaka wa 1953 alikuwa La Scala, akiimba Don Ottavio katika *Don Giovanni* ya Mozart. Mwaka wa 1954 Opera ya Paris, na Covent Garden ya London. Katikati ya hapo jina pia likageuka kidogo. Kwa Kiswidi *gädda* ni jina la samaki wa maji matamu, mwenye meno makali. Ile ä yenye nukta mbili ikaondoka, ikawa Gedda, jina ambalo Muitalia na Mufaransa wanaweza kusoma bila kuuliza. Nimesikia watu wakilaumu wanaopunguza jina lao ili wapate kazi. Kwa upande wangu sioni ubaya: jina la samaki lilibaki, ni mfupa mumoja tu ulitolewa.

Novemba 1957 akafika Metropolitan Opera ya New York, na *Faust* ya Gounod. Kule alibaki zaidi ya miaka 25: maonyesho 367, na sehemu 28 mbalimbali. Miezi michache kisha kufika, Januari 1958, opera mupya ya Samuel Barber, *Vanessa*, ilionyeshwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza, na Gedda akapewa sehemu ya Anatol. Waamerika walikuwa ndani ya ile timu, lakini watu walisifu Kiingereza cha huyu mugeni sababu ya namna maneno yake yalivyosikika wazi. Mutu aliyejifunza katika utoto kama neno moja linaweza kusemwa kwa namna tatu, luga ya ine na ya tano haimuogopeshe tena. Aliimba Kiswidi, Kirusi, Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia, Kiingereza, Kilatini. Alirekodi karibu sahani 200. Kwa opera za Kifaransa, kuna watu wanaosema hakuna mwingine wa wakati wake aliyezielewa vile, hata kati ya Wafaransa wenyewe. Na yeye hakuwa Mufaransa hata kidogo!

Lakini nisimufanye malaika. Mimi ninapomusikiliza kwenye *Madama Butterfly* ya 1955 pamoja na Maria Callas, najisikia baridi kidogo. Kila kitu kiko pahali pake, lakini moto wa Kiitalia, ule wa mutu anayelia kwa koo, sikuuona. Mwalimu wetu wa korali alinikasirikia juu ya maneno haya. Basi, kila mutu na masikio yake. Kwenye *Faust*, kwenye *Benvenuto Cellini* ya Berlioz, kwenye Mozart, hatuna ugomvi.

Kitu kingine kinachonigusa ni namna alijua kukataa. Mwaka wa 1966, Stockholm, aliimba *Lohengrin* ya Wagner. Wagner anaomba sauti nzito, anaomba nguvu saa nyingi juu ya orkestra kubwa, na tenori akifaulu pale wote wanamukimbilia na mikataba. Bayreuth, nyumba ya Wagner mwenyewe, ilimuita. Alikubali, kisha akajiondoa. Aliona kama ile kazi itaharibu sauti yake kwa vitu vingine vyote. Bayreuth, wandugu! Ni kama mutu apewe posti ya ofisi kubwa Kinshasa, gari na nyumba juu, halafu aseme asante, ninarudi kwenye shamba langu sababu hii kazi itaniua. Wangapi kati yetu? Mimi sijui kama ningeweza. Mwaka jana nilikubali kazi tatu kwa pamoja, na ripoti zote tatu zilitoka mbaya.

Matokeo ya kukataa ni hesabu tena. Watenori wengi sauti inaisha kabla ya miaka 60. Gedda aliendelea kuimba mbele ya watu akiwa na miaka 70, na mwaka wa 2003, karibu na miaka 78, alirekodi tena, sehemu ndogo ya kuhani mukubwa katika *Idomeneo* ya Mozart. Mwaka wa 1977 alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake kwa Kiswidi. Jina lake, tukilileta kwetu, ni *Zawadi si ya bure*. Watu waliofanya naye kazi wanakumbuka mutu wa kunyamaza, mwenye haya, mwenye kufika akijua noti zake zote. Mutoto wa kantori.

Upande wa Kirusi hakuuacha. Alirekodi nyimbo za kanisa la Orthodoksi, zile za bila vyombo, na nyimbo za kienyeji za Urusi pamoja na balalaika. Halafu mwanzo wa miaka ya 1980 akaimba Bolshoi, Moscow. Muelewe uzito wake: Ustinov alikuwa mutu wa upande ulioshindwa, wa wale waliokimbia. Na huyu aliyelelewa naye anasimama kwenye jukwaa kubwa la Umoja wa Kisovieti, kwa Kirusi cha nyumba yao, na Wasovieti wanamupigia mikono. Aliimba Lenski katika *Eugène Onegin* ya Tchaikovski: kijana mushairi anayesubiri asubuhi duel na rafiki yake mwenyewe, na karibu anajua kama hatarudi.

Ule wimbo wa pili ambao mwalimu wetu alitusikilizisha, wa Kirusi, ulikuwa ule wa Lenski. Wakati ule sikujua maneno yanasema nini, na nilitaka tu wimbo uishe turudilie yetu.

Gedda alikufa tarehe 8 Januari 2017 Tolochenaz, Uswisi, karibu na ziwa la Genève, akiwa na miaka 91. Habari ilitoka inje wiki kadhaa kisha, bila kelele.

Wenye mega, anzeni na *Postillon* ya Stockholm. Ameiimba kwa Kiswidi, lakini haizuie kitu. Ile re iko karibu na mwisho. Muvumilie, na mupunguze sauti ya telefone kama majirani wamelala.